Nimeokoka, lakini hasira haijaondoka. Je, nimetakaswa kweli?

SWALI

Mtumishi, Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mchele katika soko moja hapa Mbeya. Niliokoka kwenye mkutano wa injili uliofanyika karibu na sokoni kwetu, na namshukuru Mungu maana nilikotoka ni mbali. Nilikuwa nakunywa, nilikuwa nahangaika kwa waganga kutafuta dawa ya biashara, na mdomo wangu ulikuwa unajulikana soko zima. Pombe na waganga niliviacha siku ileile na sijarudi nyuma.

Shida yangu ni hii. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba mtu akishaokoka ni lazima afikie utakaso kamili, ambapo mzizi wa dhambi unang'olewa moyoni na hatendi dhambi tena. Mchungaji anatusomea Waebrania 12:14, kwamba bila utakatifu hapana mtu atakayemwona Bwana, na 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Anasema anayeanguka anguka bado hajazaliwa mara ya pili, na akifa hivyo ni motoni moja kwa moja.

Nimejitahidi, mtumishi. Nimeacha kusuka rasta, nimevua hereni, nimegawa suruali zangu zote, hata pete ya ndoa nilivua na mume wangu hakufurahi. Nafunga kavu Jumatano na Ijumaa, na Ijumaa usiku sikosi mkesha. Lakini hasira iko palepale. Nikitoka sokoni nikakuta nyumba haijakaa sawa, nawaka. Ijumaa moja hivi karibuni nilimpiga kibao dada wa kazi mbele ya watoto kwa sababu ya sufuria ya maharage iliyoungua. Binti wa watu hata hakujibu. Na mshahara wake wa miezi miwili sijampa, namtunzia, maana mtaji wangu umekwama kwenye mpunga. Mume wangu, ambaye hajaokoka, akaniambia, "Tangu uokoke umekuwa mkali kuliko ulipokuwa unakunywa." Sikulala usiku ule.

Karibu kila Jumapili wakiita watu mbele, naenda kuokoka upya. Majuzi mchungaji alinisimamisha mbele ya kusanyiko akasema nina roho ya hasira, nikaombewa mpaka nikaanguka chini. Kesho yake nikagombana na mteja aliyesema kisado changu kinapunja. Visado vya soko zima vimebonyezwa kitako, si mimi niliyeanza, ila yeye alinitukana na mimi nikamrudishia.

Naomba uniambie ukweli. Utakaso ni nini hasa, na unakuja siku moja au vipi? Niongeze siku za kufunga? Meza ya Bwana sijaikaribia muda mrefu kwa kuogopa kula hukumu. Na je, nikifa usiku huu nitakwenda wapi?

Dada wa Mchele, Mbeya

JIBU

Amina dada yangu, asifiwe milele. Marahaba.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mtu anayeogopa kufa usiku huu hawezi kusikiliza mafundisho mengine vizuri. Ukifa usiku huu ukiwa unamtumaini Yesu Kristo, utakwenda kwake. Hutaingia kwa sababu hasira imekwisha, wala hutafungiwa nje kwa sababu bado haijakwisha. Utaingia kwa sababu yeye alikufa kwa ajili ya dhambi zako na akafufuka. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na aliyaandika hayo mara tu baada ya kuungama katika sura iliyotangulia kwamba "lile jema nipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo". Sura ya 7 na sura ya 8 zinafuatana. Zisome kwa pamoja, usiku huuhuu kama unaweza.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba uache kwenda mbele kuokoka upya. Ulishaokoka. Mtoto aliyekosa hurudi kwa baba yake akasema nimekosa. Haombi kuzaliwa tena. Kutubu utatubu mpaka siku unaingia kaburini, na hilo halina aibu. Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilikuwa hiyo, kwamba Bwana wetu alipotuita tutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Lakini kuokoka kila Jumapili ni kusema kwamba neno alilokuambia Kristo Jumapili iliyopita halikuwa na nguvu.

Sasa, utakaso ni nini. Nitakueleza kwa kanisa la Korintho, maana mimi kila nikikutana na Mkristo mwenye hofu kama yako namrudisha Korintho. Paulo aliwaandikia katika miaka ya 50 baada ya Kristo. Lile kanisa lilikuwa na matatizo ambayo mchungaji yeyote leo angeyaficha wageni wasiyaone: makundi yanayoshindana, ndugu wanaopelekana mahakamani, mtu anaishi na mke wa baba yake, wengine wanalewa kwenye Meza ya Bwana huku maskini wakikaa na njaa. Na barua inaanza vipi? Anawaita "wale waliotakaswa katika Kristo Yesu, walioitwa wawe watakatifu". Ametangulia kuwaita hivyo kabla hajawagombeza. Kisha anawagombeza kweli, sura baada ya sura, bila kuwaonea haya.

Hapo kuna mambo mawili na yote mawili ni ya kweli. Siku ulipomwamini Kristo, Mungu alikutenga uwe wake. Hilo limekwisha, halipandi wala halishuki kulingana na ulivyoamka. Halafu huyohuyo Mungu ameanza kukufanya ufanane na yule uliye wake, na kazi hiyo inaendelea mpaka utakapomwona uso kwa uso. Waebrania 10:14 inayaweka yote katika mstari mmoja: "kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa". Wamekamilishwa, na bado wanatakaswa. Wewe unauza mchele, unajua kwamba mtu hachambui mchele alioukataa. Anachambua ule alioutia kwenye ungo wake kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Mawe unayoyaona ndani yako sasa, ambayo zamani hukuyaona ingawa yalikuwa mengi zaidi, yanaonekana kwa sababu uko mikononi mwake.

Umeuliza kama unakuja siku moja. Hapa sitakuficha kwamba Wakristo wanaompenda Bwana hawasemi sauti moja, na ni vizuri ujue fundisho la kanisa lako lilikotoka. Kuna John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, aliyefundisha kwamba Mungu anaweza kumjaza mtu upendo mkamilifu katika maisha haya. Lakini Wesley aliposema dhambi katika fundisho hilo alimaanisha kuivunja kwa makusudi sheria ya Mungu unayoijua. Alikubali kwamba aliyefika huko bado atakuwa na udhaifu na makosa, na bado atahitaji damu ya Kristo kila saa. Yeye mwenyewe mwaka 1767 alitamka hadharani kwamba hajafika. Wafuasi wake Marekani katika karne ya 19 walilikaza fundisho hilo likawa tukio la pili baada ya kuokoka. Wapentekoste wa kwanza wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, walilipokea hivyo: unaokoka, unatakaswa, ndipo unajazwa Roho. Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1910, Wapentekoste wengine wengi wakalikataa, wakasema kazi yote ilikwisha msalabani na utakaso ni safari ya maisha. Kwa upande wa Warefomati, yaani makanisa yaliyofuata mafundisho ya Calvin, katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha kufundishia imani kwa maswali na majibu, inasema hata walio watakatifu kuliko wote wana mwanzo mdogo tu wa utii huu katika maisha haya, lakini wanaanza kuishi kwa amri zote za Mungu, si baadhi tu.

Mimi nimesimama na hao wa mwisho. Siwezi kuikwepa 1 Yohana 1:8, katika waraka uleule anaousoma mchungaji wako: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Yohana hajipingi. Anaposema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, anazungumza juu ya mtu aliyeifanya dhambi makao yake, analala na kuamka ndani yake wala haimkeri. Wewe inakukera mpaka umeniandikia. Hata mwalimu wa utakaso kamili akija kwa uaminifu wa Wesley hatakuambia kwamba unayeanguka hujazaliwa. Hilo la kukutisha na moto limeongezwa njiani.

Nakuja sasa kwenye sehemu ya barua yako iliyonifanya niisome tena. Umeandika kwa kirefu juu ya rasta, hereni, suruali na pete, na juu ya hasira umeeleza kwa machozi. Lakini kuna mambo mawili umeyapitia haraka kana kwamba si ya habari hii: mshahara wa binti, na kisado.

Fungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Ndiyo sura inayofunguliwa na amri kwamba tuwe watakatifu kwa kuwa Bwana Mungu wetu ni mtakatifu, amri ileile ambayo Petro anairudia kwa Wakristo. Msomaji angetegemea yafuate mambo ya hekaluni na mavazi. Yapo machache. Lakini yaliyojaa pale ni mambo ya shambani, nyumbani na sokoni. Usivune mpaka pembeni, mwachie maskini na mgeni. Usimlaani kiziwi. Usimtilie kipofu kikwazo. Mstari wa 13 unasema ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Mstari wa 35 na 36 unataka mizani ya haki, mawe ya haki, na vipimo vya nafaka vya haki. Mungu alipowaeleza wana wa Israeli utakatifu ukoje, aliwatajia ujira wa kibarua na kipimo cha nafaka.

Dada yangu, ile hela ya binti hujamtunzia. Umeikopa bila kumwomba ukaiingiza kwenye mpunga. Kumtunzia mtu ni pale alipokuambia nitunzie, na akiitaka leo unampa leo. Yeye ana mama yake kijijini anayengoja kitu, au ana yake anayoyataka, na hawezi kukudai kwa sababu anakula na kulala kwako. Unajua hilo, na ndiyo maana alipopigwa kibao hakujibu.

Kisado nacho, kama kimebonyezwa kitako, kila mteja aliyelipia kisado kizima ameondoka na pungufu. Mteja alikutukana, alikosea. Lakini alilosema ni kweli. Kwamba soko zima linafanya hivyo ndilo hasa jambo ambalo Mungu aliwatenga watu wake nalo. Israeli nao walikuwa na majirani wenye mizani za udanganyifu. Najua ushindani. Najua ukiuza kwa kisado kizima bei ileile, faida inapungua na jirani atakucheka. Basi ama upandishe bei kidogo na uwaambie wateja wazi kwamba kipimo chako kimejaa, ama utafute mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo uuze kwa kilo. Wateja wa mchele wanarudi kwa mtu wanayemwamini, ingawa hilo huchukua muda na sikuahidi kwamba utatajirika. Hata ukipata hasara, kile kisado kitoke.

Sikuandikii haya kukuongezea mzigo juu ya mzigo. Nakuandikia kwa sababu naamini Roho Mtakatifu amekuwa akikugusa pale kwa muda mrefu, nawe umekuwa ukimjibu kwa kuvua hereni. Nafsi inayojua kuna deni haitulii, na nafsi isiyotulia inawaka kwa sufuria ya maharage. Sisemi hasira yako yote inatoka hapo. Ila sitashangaa ukiniandikia kwamba imepungua kwa kiasi ulichomlipa binti yule.

Juu ya kufunga, usiongeze. Tena kwa sasa punguza. Umeandika mwenyewe kwamba kibao ulikipiga Ijumaa. Ijumaa umeamka alfajiri, umeshinda juani bila maji, umerudi nyumbani na usiku mkesha unakungoja. Mwili ni wa Mungu pia, na mwili uliochoka hivyo unawaka haraka. Isaya 58 ni sura nzima ya watu waliokuwa wanafunga na kumlalamikia Mungu kwamba haoni. Akawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanawalemea wafanyakazi wao, wanagombana na kupiga ngumi. Kisha akawaambia mfungo anaoutaka: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula. Isome polepole, utajiona. Ukitaka kufunga, funga siku ambayo hukai sokoni, kunywa maji, na lala mapema. Mkesha mmoja kwa mwezi hautakunyima mbingu.

Na huyo binti, nenda kwake. Usimwite sebuleni akasimama kama mshtakiwa. Mfuate jikoni alipo, ukae. Mwambie, nilikupiga, nilikosa, naomba unisamehe. Usiongeze "lakini na wewe". Mwambie mshahara wako ni huu, na kama huna wote mpe uliopo na umtajie siku ya kumalizia, kisha uishike siku hiyo hata ikibidi uuze gunia kwa hasara. Kwa kuwa ulimpiga mbele ya watoto, watoto nao wasikie ukimwomba msamaha. Na kibao kisirudiwe. Sheria ya nchi yenyewe haikupi ruhusa ya kumpiga mfanyakazi wala kukaa na ujira wake, sembuse sheria ya Kristo. Akikuambia anataka kurudi kwao, mlipe haki yake yote na nauli, umwachie aende kwa amani.

Jambo hili si geni kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya mpaka kwetu Tanganyika kupitia Kagera, ulijulikana kwa hilo. Watu walikuwa wakirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao, wamisionari wakiwaomba msamaha Waafrika waliowadharau, waume wakiungama kwa wake zao. Walikuwa wakisema tutembee nuruni, wakichukua maneno ya 1 Yohana 1:7. Uamsho ule ulikuwa na makosa yake, na wapo waliojeruhiwa kwa kuungama mambo ya siri mbele ya umati. Lakini lile la kurudisha na kupatana walilishika, na mimi nalitamani lirudi makanisani mwetu kuliko ninavyotamani spika mpya.

Hapo nikutofautishie kitu. Kuungama kwa binti uliyemkosea ni nuru. Kusimamishwa mbele ya kusanyiko na kutangaziwa roho ya hasira si hiyo. Simhukumu mchungaji wako, huenda alitaka kukusaidia, na maombi ni mema. Lakini Wagalatia 5 inaitaja hasira kati ya matendo ya mwili, na Warumi 8:13 inasema matendo ya mwili tunayafisha kwa Roho. Kuyafisha ni kazi ya kila siku, huku Mungu akiwa ndiye, kama Wafilipi 2:13 isemavyo, "atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu". Ukiisubiri hasira itoke kwa kuanguka chini Jumapili, Jumatatu utajiona umeshindwa, kama ulivyojiona. Tafuta mama mmoja mwenye umri na anayetunza siri, mkutane hata nusu saa kwa wiki, umwambie ulivyokasirika na ulivyofanya, akuombee akilitaja kosa lenyewe. Na ile saa ya kuingia nyumbani kutoka sokoni, kabla hujakagua jikoni, kaa kitako nje, kunywa maji, omba sala fupi, ndipo uingie.

Mume wako. Nimemsikia katika ile sentensi moja, na sidhani alitaka kukuumiza. Nadhani alikuwa anamtafuta mke wake. Petro anawaambia wanawake wenye waume wasioamini kwamba hao huvutwa kwa mwenendo, "pasipo lile Neno". Na Paulo, katika 1 Wakorintho 7:14, anasema neno ambalo wengi hulipita: mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe. Hasemi kwamba mume ameokoka kwa sababu yako. Anasema ndoa yenu si najisi, na nyumba yenye mwamini mmoja imeguswa na utakatifu wa Mungu. Kwa hiyo irudishe pete kidoleni. Kama kanisa lako linaikataza, mwambie mchungaji kwa heshima kwamba ni amani ya ndoa yako, na kwamba Waebrania 12:14 anayoipenda inaanza hivi: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu". Amani na utakatifu vimetajwa kwa pumzi moja, na mume ni wa kwanza kati ya hao watu wote.

Ya nywele na mavazi sitakaa nayo sana. Paulo na Petro walipowaonya wanawake juu ya kusuka nywele na dhahabu, walitaja pamoja na hayo mavazi, na Paulo akazitaja nguo za thamani. Walikuwa wanazungumza na makanisa ambamo tajiri na mtumwa waliketi pamoja, na pambo la mmoja lilikuwa kuwaumbua wengine. Vaa kwa adabu. Kama ukiamua kubaki katika kanisa lako, fuata utaratibu wao wa mavazi bila kinyongo, ila usijipimie utakatifu wako hapo, wala usimpimie jirani mwenye rasta. Paulo aliwaambia Wakolosai kwamba "msishike, msionje, msiguse" huonekana kuwa na hekima, lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Wewe ni shahidi wa mstari huo.

Kama mafundisho yanayokutisha na moto kila wiki yataendelea, na ukimfuata mchungaji faraghani asikusikilize, una uhuru wa kutafuta kusanyiko lingine linalohubiri neema na utii kwa pamoja. Usiondoke kwa ugomvi, na usiondoke kabla hujamlipa binti, maana utaondoka na deni hilo uingie nalo kanisa jipya.

Umeuliza juu ya Meza ya Bwana. Wale waliokula hukumu Korintho ni wale waliokuwa wanawadharau maskini mezani bila kujali, na hata kwao Paulo hakusema wakae mbali. Alisema, "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate". Ajihoji, kisha ale. Wewe umeshajihoji vya kutosha. Bwana alisema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako ukapatane naye kwanza, kisha urudi. Basi nenda jikoni kwa yule binti wiki hii, uongee naye na umwekee mkononi hela uliyonayo. Hata kama deni halijakwisha lote, na hata kama kati ya siku hiyo na Jumapili umewaka tena na kutubu tena, Meza ikitandikwa simama uende.